Siku Ambayo Mume Wangu Hakutema

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mlangoni mwa duka la mvinyo, mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine umeshika kikadi kilichoanguka kutoka mfukoni mwa koti la marehemu mume wangu. Kwa aliyenikuta njiani leo, nimweleze kwa kifupi, asije akadhani nilikuwa nakwenda kunywa.

Mume wangu alikuwa fundi wa miwani. Mtaani walimwita Bwana Maji, maana kwenye kila sherehe wenzake walipoinua bilauri zao, yeye aliinua maji. Mwaka jana, jioni moja ya Alhamisi, gari la mikate lilimgonga karibu na kona ya mtaa wetu. Dereva akasema marehemu aliingia barabarani akiyumba. Mimi nikapanda kizimbani, nikaapa kwamba tangu nimjue, mume wangu hajawahi kumeza tone la kilevi. Hakimu aliniamini. Dereva akafungwa miaka minne.

Tangu hapo mkosi umenifuata kama kivuli. Niliunguza gauni la harusi la mteja pale nilipokuwa nikipiga pasi, kazi ikaota mbawa. Binti yangu wa pekee, wa miaka kumi na minane, akawa ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu, kama karani wa kaunta. Na majuzi, nikilikunja koti la baba yake nimpe shemeji yangu, kikadi kile kikaanguka. Mbele kilikuwa na picha ya zabibu na anwani ya duka. Nyuma, kwa mwandiko wa mume wangu: "Alhamisi, ya rangi ya chungwa."

Nikasukuma mlango.

Duka lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya kinyozi na fundi viatu. Nilikuwa nimepita mbele yake miaka sita nikigeuza uso. Chupa zilipangwa hadi darini, zimelazwa ubavu kama watoto wa bweni. Katikati palikuwa na pipa lililogeuzwa kuwa meza, na chini ya pipa ndoo ya bati.

Nyuma ya pipa alikuwa mzee mfupi, mnene, hana shingo. Baadaye nilijua kwamba wateja wake wanamwita Kizibo, na sikuhitaji kuuliza kwa nini.

"Karibu, mama. Unatafuta zawadi?"

"Namtafuta anayemjua mwenye mwandiko huu."

Alikipokea kikadi, akakisoma nyuma, akakiweka juu ya pipa taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Kisha akanipita, akakigeuza kibao cha mlangoni upande ulioandikwa "Tumefunga."

"Kaa, shemeji."

"Shemeji wa nani? Mimi na wewe tulijuana lini?"

"Mumeo alikuwa rafiki yangu. Mke wa rafiki yangu nimwiteje?"

"Mume wangu hakuwa na rafiki muuza pombe."

"Kila Alhamisi," akasema. "Saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja kasorobo. Kwa miaka mitatu."

Alhamisi ndiyo siku ambayo mume wangu aliniaga kwamba anapeleka miwani kwenye makao ya wazee. Miaka mitatu nilikuwa nikimpigia shati pasi kwa ajili ya wale wazee. Miaka mitatu nilikuwa nikimwambia, "Wasalimie," naye anaitikia, "Salamu zao umezipata."

Nilishika ukingo wa pipa.

"Alikuwa anakunywa."

"Hapana," akasema Kizibo. "Alikuwa anaonja. Hayo ni mambo mawili. Mumeo alikuwa na ulimi, shemeji. Mimi nimefanya kazi hii miaka thelathini, na ulimi kama ule nimeuona mara mbili. Anauvuta mvinyo mdomoni, anauzungusha, anauwaza, kisha anautema." Akaipiga teke ndoo ya bati ikalia. "Anatema humu, halafu anasukutua kwa maji."

"Hamezi?"

"Hamezi."

Msinicheke. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Mahakamani nilisema "kumeza." Neno hilo lilitoka kinywani mwangu lenyewe, sikulichagua, na sasa lilikuwa limeniokoa. Mume wangu alinidanganya, sawa, nitamlilia na kumtukana kwa zamu. Lakini sikuapa uongo. Dereva yule yuko anapostahili.

"Basi nimesikia," nikasema, nikainuka. "Asante."

"Kaa," akasema Kizibo. "Huwezi kwenda na nusu ya habari."

Hakuianza ile nusu nyingine. Alitoa bilauri tatu zenye miguu myembamba, akazipanga.

"Mimi sinywi."

"Hakuna aliyekuambia unywe. Ndoo ile pale. Nataka umjue mtu niliyemjua mimi, na njia ya kumjua ni hii."

Ya kwanza ilikuwa nyeupe, baridi. Niliogopa kama mtoto anayepewa dawa. Iliniuma pembeni mwa ulimi, ukali wa tufaha bichi, kisha ikaja ladha ngeni, kama ukilamba jiwe lililonyeshewa. Nikatema haraka, nikachafua kiatu.

Kizibo alikuwa amefungua daftari kubwa lenye jalada la kitambaa. Wateja wake huandika humo wanachokionja. Akasoma: "'Hii ni jirani mpya. Anakusalimia kwa ukali, ukimzoea unagundua ni aibu tu.'"

"Nani kaandika?"

"Mumeo."

Ya pili ndiyo ile ya rangi ya chungwa. Kizibo alinieleza kwamba ni zabibu nyeupe, ila zinaachwa na maganda yake miezi mingi. Ilikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Ilikwaruza fizi, ikanuka asali, na nyuma ya asali kitu cha kale, cha kabatini.

"'Sanduku la mama mkwe,'" akasoma Kizibo. "'Asali, dawa ya nondo na siri.'"

Nikacheka. Mate na mvinyo vikanitoka pamoja. Mama yangu mzazi ana sanduku hasa, la bati, na hakuna anayejua kilichomo.

Kisha nikalia. Kwa maana mume wangu nyumbani aliongea maneno kama mtu anayeyanunua. "Chakula kizuri." "Mvua itanyesha." "Funga dirisha." Huyu mcheshi wa daftarini sikuwahi kuletewa. Kila Alhamisi alimleta hapa, akamwacha na ndoo.

Bilauri ya tatu ilikuwa nyekundu, karibu nyeusi. Harufu ya moshi na ngozi ya viatu. Nilikuwa bado nalia nilipoivuta mdomoni, na koo likajifunga na kujifungua lenyewe. Iliteremka. Niliisikia inapita kifuani, moto mpole.

"Umemeza," akasema Kizibo.

"Kwa bahati mbaya."

"Ndivyo ilivyo. Mtu akiwa na donge kooni hawezi kutema." Akalisukuma daftari mbele yangu. "Sasa soma ukurasa huu."

Juu ya ukurasa palikuwa na tarehe. Sikuhitaji kuisoma mara mbili. Nimeichongesha kwenye jiwe la kaburi.

Mvinyo saba, zimepewa namba. Mistari mitatu ya kwanza ilikuwa imenyooka, herufi za mtu aliyeishi kwa kupima unene wa kioo. Wa nne ulianza kuteremka. Wa tano herufi zilikanyagana. Wa sita ulikuwa na neno moja: "Tamu." Wa saba hata neno halikukamilika. Kalamu ilikuwa imekwenda zake mpaka ukingoni mwa karatasi.

"Siku ile hakutema," akasema Kizibo.

Kinyozi wa jirani alikuwa amewasha mashine yake, ukuta unanguruma.

"Kwa nini?" nikauliza mwishowe.

"Alikuwa ameshika bilauri ya tatu, ananisimulia kitu, tunacheka. Msichana akasimama dirishani. Sare ya shule, begi la kijani. Akamtazama mumeo tu. Mumeo akatoka mbio na bilauri mkononi. Sikusikia walichoambiana. Msichana akaondoka, mumeo akarudi. Akaniambia, 'Mimina.' Nikamiminia. 'Mimina.' Nikamiminia. Halafu akasema anakwenda nyumbani kukueleza kila kitu. Nilimfungulia mlango mimi mwenyewe. Sikuwa hata nimemaliza kusuuza bilauri yake nikasikia breki."

Begi la kijani nililishona mimi.

"Alikuwa anayumba?" nikauliza.

"Shemeji..."

"Nimekuuliza, alikuwa anayumba?"

"Alikuwa anayumba."

"Na siku ya kesi wewe ulikuwa wapi?"

"Benchi la nyuma. Nilikusikia ukiapa."

"Ukanyamaza."

"Nilimmiminia mimi," akasema. "Ningesimama niseme nini? Kwamba nilimlevya baba wa watu nikamfungulia mlango? Wangenifungia duka. Nikajiambia, aliyekufa amekufa."

"Na aliyefungwa?"

Alishika kitambaa akaanza kufuta pipa ambalo lilikuwa kavu.

Nikalichukua daftari nikalitia mkobani. Hakunizuia. Nilipofika mlangoni alisema nyuma yangu, "Wakiniita safari hii, nitakwenda." Sikugeuka. Ahadi ya mtu aliyechelewa mwaka mzima mnataka niiweke wapi?

Binti yangu nilimkuta jikoni, anamenya viazi. Niliweka mkoba mezani.

"Unanuka pombe, mama," akasema. Hayo yalikuwa maneno mawili zaidi ya aliyonizoesha.

"Nimetoka kwa mzee wa duka la mvinyo."

Kisu kikasimama. Ganda la kiazi likabaki linaning'inia.

"Ulimwona baba yako," nikasema. "Siku ile ile. Ulimwona dirishani."

Nilitegemea akane. Ningemshukuru kama angekana.

"Nilikuwa natoka shule," akasema, macho kwenye kiazi. "Nikasikia kicheko, nikageuka. Mama, alikuwa anacheka mpaka amejishika kiuno. Nyumbani hajawahi kucheka hivyo hata siku moja. Sikukasirika kwa sababu ya pombe. Nilikasirika kwa kile kicheko."

"Ulimwambia nini?"

"Basi, mama."

"Mwanangu, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ni mnafiki. Nikamwambia nakuja kumsemea kwako. Nikamwambia..." Akakiweka kisu mezani. "Nikamwambia sitaki kumwona tena. Nikakimbia. Akaniita, sikugeuka."

Alikaa mwaka mzima na maneno hayo. Alikula nayo, akafanyia nayo mitihani, akalala nayo chumba cha pili, ukuta mmoja kutoka kwangu, na mimi nikadhani ni jeuri ya ujana.

Lakini shetani hakuniacha nimwonee huruma tu.

"Ukaniacha nikaape?" nikasema, na sauti yangu ikapanda. "Ukiwa umekaa pale pale? Ukaniangalia nikinyoosha mkono?"

"Ulinishika kidole kabla hujapanda. Ukasema, 'Angalau jina lake tutaliokoa.' Mama, ulikuwa hujala siku nne. Ulitaka niseme nini? Na lini? Ulipokuwa unapanda au ulipokuwa unashuka?"

Mkono wangu ulikuwa umeinuka kumpiga. Uliposhuka ulikuwa unamvuta kifuani. Alilia kwa sauti ya utotoni, ile ya kukwama na kuanza upya. Viazi vilivyokuwa tayari motoni vikakaukiwa maji vikaungua, harufu ikajaa nyumba, hakuna aliyeinuka.

Alipotulia nikamwambia, "Jumatano ni siku ya kutembelea wafungwa. Nitakwenda kwa yule dereva. Nitamwambia kwanza yeye, kisha nitakwenda kwa hakimu."

Alijitoa mikononi mwangu kama aliyeguswa na pasi.

"Usiende."

"Mtu yuko ndani kwa mdomo wangu."

"Nenda kwa hakimu. Nenda kwa wakili. Kwake usiende."

"Kwa nini kwake nisiende?"

"Usiende tu, mama."

Nilidhani ni aibu. Nilimwambia aibu haiui. Akasema, "Basi tutakwenda wote."

Jumatano ilikuwa na jua kali. Gereza liko nyuma ya kiwanda cha matofali, na vumbi lake jekundu limetua kwenye kila kitu, hata kwenye kope za askari. Ofisi ya wageni ilikuwa chumba kimoja chenye benchi refu, meza, na afisa mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono wake. Mume wangu angemwonea huruma.

Binti yangu alikataa kuingia ndani. "Nitakaa hapa," akasema, akakaa pembeni kabisa ya benchi.

Mimi nikapelekwa kwenye chumba cha kuongelea. Kati yangu na mfungwa kulikuwa na wavu wa chuma wenye matundu, na chini yake upenyo wa kupitishia karatasi. Askari alisimama mlangoni, anatafuta kitu menoni kwa ulimi.

Dereva akaletwa. Nilimkumbuka mnene, mabega ya mtu anayebeba kreti za mikate toka alfajiri. Huyu shati lilikuwa limemvaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa ageuke na kurudi alikotoka.

Akatabasamu.

"Mama! Umekuja mwenyewe!" Akashika wavu kwa vidole kumi. "Nilijua. Nilimwambia mwenzangu wa kitanda cha chini, huyu mama siku moja atakuja."

Nikachanganyikiwa. "Nimekuja kukuomba radhi," nikaanza.

"Radhi gani tena kati yetu? Wewe si ulishanisamehe? Mimi ndiye sikujua nikujibu vipi. Mwandiko wangu mbaya, na ulisema nisijibu."

"Nilisema wapi?"

"Kwenye barua."

"Barua gani?"

Akacheka kidogo, kama ninamtania. Akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa bahasha tano zilizofungwa kwa uzi wa gunia. Pembe zake zilikuwa zimelegea kwa kushikwa. Akachomoa moja, akaipitisha kwenye upenyo.

"Hii ya pili ndiyo naisoma kila siku," akasema.

Nikaifunua.

"Mimi mjane wa marehemu nimekusamehe kwa moyo wote. Najua hukukusudia. Nakuomba jambo moja. Usikate rufaa. Kesi ikifunguliwa upya, wataanza kumchimbua mume wangu, na mimi na binti yangu hatutaweza kuishi. Kaa utulie, miaka itapita. Tunakuombea kila siku. Tafadhali usijibu barua hii."

Chini yake palikuwa na jina langu kamili. Mwandiko ulikuwa wa duara, herufi zimeinama kidogo kushoto, kila "y" imekunjwa mkia. Nimesaini madaftari ya shule pembeni mwa mwandiko ule tangu darasa la kwanza.

Masikio yangu yaliziba. Nilimwona dereva anaongea, sauti ikanifikia baadaye.

"...wakili wangu alikuwa tayari amempata mama mmoja aliyemwona marehemu akiyumba. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Barua yako ikaja. Nikamwambia wakili, acha. Mke wangu akaja hapa, akasimama hapo ulipo wewe, akaniuliza kama machozi ya mjane yana thamani kuliko yake. Nikamwambia, mimi nimeua mume wa mtu, nikimwachia jina lake nitakuwa nimelipa kidogo. Akamchukua mtoto, wakahama. Sijui walikohamia." Akaipangusa pua kwa bega. "Lakini nalala, mama. Zile barua zinanifanya nilale."

Ningeweza kunyamaza. Nataka mlijue hilo, ninyi mnaonisoma mkiwa mmekaa. Mtu alikuwa na usingizi wake, binti yangu alikuwa na siri yake, na mimi ningeweza kusema, "Mungu akubariki," nikainuka.

"Mume wangu alikuwa amekunywa," nikasema.

Hakusogea.

"Alikuwa amekunywa mvinyo nyingi. Aliingia barabarani akiyumba, kama ulivyosema. Ninao ushahidi, umo humu mkobani. Niliapa uongo. Hukumuua wewe."

"Sema tena," akasema kwa sauti ndogo.

"Hukumuua wewe."

Aliweka paji la uso kwenye wavu. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani ni ahueni, nikapeleka vidole vyangu kwenye matundu karibu na vyake. Akainua kichwa. Lile tabasamu lilikuwa limeondoka, na nyuma yake palikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona hata kizimbani.

"Ulijua," akasema.

"Nimejua wiki hii."

"Umejua wiki hii?" Akaigonga karatasi iliyokuwa mkononi mwangu kupitia wavu. "'Wataanza kumchimbua mume wangu.' Wachimbue nini, kama hujui kuna kitu? Uliandika hii miezi tisa iliyopita. Ulijua mumeo alikuwa amelewa, ukaniandikia nisikate rufaa. Ukaniandikia unaniombea!"

"Sikiliza, mwanangu..."

"Usiniite mwanangu! Mimi nina mwanangu, na sijui aliko!"

Ningesema, "Si mimi niliyeandika." Maneno matatu. Yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini baada ya maneno hayo kungekuwa na swali moja tu, na jibu la swali hilo lilikuwa limekaa kwenye benchi hatua thelathini kutoka pale, na gauni lake la bluu nililolipiga pasi asubuhi.

Nikafunga mdomo.

"Afande!" dereva akapiga kelele. "Afande, njoo chukua hizi barua! Andika jina la huyu mwanamke! Andika tarehe zote! Mlete wakili wangu!"

Askari alinishika kiwiko, si kwa ukali. Aliniuliza kama barua aliyoisikia ni hiyo niliyoishika, akaichukua, akazipokea na zile nne. Nyuma yangu dereva alikuwa anautikisa wavu, na chuma kile kililia mpaka tulipopinda kona.

Kwenye ofisi ya wageni yule afisa alizipanga bahasha tano juu ya meza, moja baada ya nyingine, akizisogeza karibu na miwani yake mibovu. Binti yangu alikuwa palepale benchini. Aliziona. Rangi ilimtoka usoni kama nguo iliyotiwa dawa ya kung'arisha.

"Mama," akasema afisa, "mfungwa anadai maneno mazito. Anasema mtu alimshawishi kwa barua asikate rufaa, huku akijua hana hatia. Hilo ni kosa, na si dogo. Kabla sijampigia mkuu wangu nataka jambo moja tu." Akavuta daftari la taarifa, akaikagua ncha ya kalamu. "Jina hapa chini ni lako. Barua hizi umeandika wewe?"

Nilikuwa nimekuja kufuta kiapo cha uongo. Nilikuwa na daftari la Kizibo begani, zito kama tofali.

Sikumtazama binti yangu. Nilijua nikimtazama, uso wangu utamtaja.

"Ndiyo," nikasema. "Nimeziandika mimi. Zote."

Afisa akaanza kuandika. Kalamu ilikuwa inakwaruza. Kisha nikasikia benchi linalia, mlio wa mbao unaotoka mtu mwepesi akiinuka, na nyayo za viatu vya shule zikaja mpaka ubavuni mwangu, zikasimama.

"Mpe na mimi karatasi," binti yangu akamwambia afisa. "Nikuandikie sentensi moja, halafu ulinganishe."